Vidole vya Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Kidole cha shahada kimegoma tena. Mkono wa kulia, ule wa kazi. Nimeamka nikakikuta kimenyooka, hakikunjiki, na wenzake wawili wameamua kukiunga mkono. Nikanyata jikoni kabla Kidevu hajaamka. Kunyata kwenyewe ni mazoea tu, mume wangu ni kiziwi, hata nikiangusha sufuria hasikii. Nikachemsha maji, nikatumbukiza mikono kwenye beseni mpaka vidole vikakubali kukunjana. Siku hizi hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza.

Chuoni somo la umeme wa majumbani. Mwalimu anaongea kama kawekwa betri mpya. Mimi kando ya ubao, natafsiri kwa mikono kwa wanafunzi viziwi wa mstari wa mbele. Mmoja wao, Mrefu, akainua mkono, akasema kwa ishara, nami nikatoa sauti: "Mwalimu, mimi sijaelewa, na nadhani hata wewe umechanganya waya." Mwalimu akanikodolea macho mimi! Miaka yote hii na bado hajazoea. Mkalimani hasemi "huyu anasema kwamba". Mkalimani anasema "mimi". Haongezi chumvi, hapunguzi. Nikabaki na macho makavu.

Baadaye Mrefu akanifuata mlangoni. Safari hii alikuwa ananiuliza mimi, si mwalimu: mbona asubuhi unatafuna maneno? Nikamwambia sijalala vizuri.

Nimechoka. Hata kalamu nzito.

Alhamisi, 6 Machi

Zahanati. Benchi limejaa, feni inazunguka bila kutoa upepo. Daktari kijana, mpole, mikono yake safi kama sahani mpya. Akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, uso ukamchangamka — mtu aliyekuwa anatafuta funguo kazikuta mfukoni. Basi ndiyo hiyo, akasema. Mikono inatumika kupita kiasi. Eksirei ikatoka, mifupa haina neno. Kanipa vidonge vya maumivu na gango, ganda la kitambaa lenye bati ndani, la kufunga kuanzia kiganjani. Nikae nalo, nipumzike kazi.

Akauliza kama na mkono wa kushoto unauma. Nikasema kidogo. Kusema kweli si kidogo, lakini wa kulia ndio unaonilisha, nikaona nizungumzie huo. Miguu sikuitaja kabisa. Nilikuwa nimeenda kwa ajili ya mikono.

Nilipokuwa nasimama akaongeza: na nyumbani pia, uipumzishe mikono. Nikaitikia sawa, Daktari. Hakujua anachoniomba. Nyumbani ndiko ninakoongea kuliko popote.

Jumapili, 9 Machi

Kidevu ameliona gango akacheka. Wamekufunga mdomo, ananiambia. Nikacheka na mimi. Halafu tukakaa tunaliangalia, kicheko kikaisha.

Nyumba yetu imepangwa kwa macho. Kioo kirefu kiko ukutani mkabala na mlango wa jiko, ili akiwa mezani anione nikiwa nyuma yake. Swichi ya sebuleni ndiyo kengele yetu, washa zima, mtu anageuka. Na kila mtu ana jina lake la ishara. La kwake nilimpa mimi, enzi zile tunachunguzana bado: kidole cha shahada kilichokunjwa, kinagonga kidevuni mara mbili, pale alipo na kovu. Lilishika, sasa hata mafundi wenzake wa makochi wanamwita hivyo. Ukikinyoosha kidole, si jina la mtu yeyote.

Leo nimejaribu kuongea kwa mkono wa kushoto. Anasema naongea kama mgeni aliyefika jana.

Dada amekuja na chupa ya mafuta ya kuchua. Kwake kila ugonjwa unatokana na maji ya baridi. "Mdogo wangu, unafua mno. Shemeji na yeye afue, ana mikono miwili mizima." Nikamtafsiria Kidevu kwa mkono mmoja. Akajibu kwamba yeye ndiye anayefua, tangu mwaka juzi. Dada akasema basi ni upepo.

Jumanne, 18 Machi

Chuo kimenipa ruhusa ya ugonjwa. Wamepata mkalimani wa muda, binti mwepesi, Mrefu amenitumia video yake. Mikono inateleza kama maji. Nimefurahi kwa ajili yao. Si kweli sana, lakini nimejaribu.

Kukaa bure kunanichosha kuliko kazi. Na cha ajabu, gango nalivaa kama nilivyoagizwa, vidonge nameza, lakini asubuhi ni mbaya zaidi. Zamani jioni nilikuwa na nafuu. Sasa hata jioni siioni.

Tumeanza kuandikiana. Kidevu analeta chaki yake ya kuchorea vitambaa na mabaki ya ngozi ya makochi, tunaweka mezani. Anachukia. Kiswahili cha kuandika hakikuwahi kuwa chake, shuleni walikuwa wanampiga kwa kuchanganya maneno, na mpaka leo akishika chaki bega linapanda. Kwa mikono mume wangu ni mcheshi balaa, anaweza kukuigizia mteja anayebishania rangi ya kochi mpaka ukajishika mbavu. Kwa chaki anaandika: "chakula nzuri". Nami naandika: "asante".

Tumegeuka ofisi.

Jumamosi, 29 Machi

Tumegombana.

Nilikuwa nimemjibu swali lake kwa kutikisa kichwa. Swali lilikuwa refu, kuhusu mteja mmoja na kochi la harusi na kama akubali kazi ile, na alikuwa anataka mawazo yangu. Nikatikisa kichwa. Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Siku hizi unanijibu kwa mkato, akasema. Ndiyo, hapana, sawa. Kama umechoka kuongea na mimi, sema. Kuna kitu unanificha.

Nikamwambia hakuna.

Akafumba macho. Watu wanaosikia hawajui jinsi kufumba macho kunavyoweza kuwa mlango wa chuma. Nilisimama mbele yake na gango langu, sina pa kupenyea. Ningeweza kumgusa bega. Ningemgusa halafu nimwambie nini, na mkono upi?

Nimelia bafuni kama mtoto. Niseme ukweli hapa maana hakuna anayesoma: kinachoniogopesha si maumivu. Ni mama mkwe wangu. Amemlea mwanawe tangu kuzaliwa na ana maneno matatu tu kwake. Njoo. Kula. Basi. Hakujifunza mengine. Kidevu amekulia kwenye nyumba iliyojaa ndugu, wanacheka, wanagombana, wanasimuliana, yeye anaonyeshwa sahani. Aliponioa alisema sasa amepata nyumba yenye maneno.

Na mimi maneno yananiisha mikononi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimelivua gango. Mikono yote miwili sasa. Bomba la jikoni limenishinda kufungua.

Nimehesabu nilichomwambia leo mchana kutwa. Njoo. Kula. Basi.

Dada amenitafutia nafasi kwa daktari bingwa wa viungo. Alhamisi ijayo. Safari hii hakuleta mafuta.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika jioni. Mkono unaruhusu. Niandike yote.

Kanuni ya kazi yetu inakataza kumkalimania ndugu yako. Kujikalimania mwenyewe mbele ya daktari hakukutajwa hata, sidhani kama kuna aliyewaza kwamba mtu angethubutu. Nilimwomba mwenzangu mmoja aje amkalimanie Kidevu, yuko mahakamani wiki nzima. Nikasema basi niende peke yangu. Kidevu akasema tunaenda wote. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Bingwa ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni, sauti ya chini. Kachukua mikono yangu akaiweka mezani kwake, akawa anaitazama tu, muda. Kisha akauliza: asubuhi ukiamka, vidole vinakaza mpaka lini?

Nikajibu kwa mdomo, "Kidogo tu, Daktari. Nikinawa uso vimeshalegea."

Na kwa mikono nikamwambia Kidevu: anauliza kama napata usingizi.

Ndivyo nilivyofanya. Mimi, ninayewafundisha wenzangu kwamba haturuhusiwi kupunguza hata neno "aa".

Lakini daktari alipouliza alikuwa amekunja ngumi, akaikunjua polepole, kisha akaelekeza kalamu kwenye saa ya ukutani. Hicho hakihitaji mkalimani. Kidevu akanitazama. Akamtazama daktari. Akaniambia: nataka kuongea na yeye. Wewe fanya kazi yako.

Nikamwambia daktari kwamba mume wangu ana la kusema, na kwamba nitakachotoa sasa ni maneno yake. Akavaa miwani. Kidevu akaanza, nami nikatoa sauti:

"Daktari, mimi na mke wangu tunalala kitanda kimoja. Anaamka kabla yangu, anadhani nimelala. Anaenda jikoni kuloweka mikono kwenye maji ya moto. Simsikii, lakini kitanda kinaniambia, na beseni nalikuta lina joto. Nilikuwa nasubiri aniambie mwenyewe. Hakuniambia. Asubuhi simwelewi mke wangu hata kidogo, mikono imevimba, anaongea kama ana viazi mdomoni. Anaanza kueleweka watoto wa shule wakishapita wote dirishani kwetu, hata wale wa kuchelewa. Zamani jioni alikuwa anarudi kutoka kazini na mikono mizuri. Jioni ndiyo nilikuwa nampata. Tangu walipomfunga lile ganda akakaa bure, hata jioni simpati."

Akashusha mikono. Nikadhani kamaliza.

"Na miguu. Anashuka kitandani kama anakanyaga kokoto. Hilo nalo hajakuambia."

Nilisema yote. "Mke wangu," nikawa nasema, na mke mwenyewe ni mimi, nimekaa pale pale. "Simpati," nikasema, kwa sauti yangu, na sauti haikukatika. Ilikuja kukatika baadaye, kwenye korido.

Daktari akaweka kalamu chini. Kama kazi ndiyo ingekuwa inaumiza, akasema, jioni ingekuwa mbaya na asubuhi nafuu. Kwako ni kinyume, na mapumziko yamezidisha. Akaniambia nivue viatu. Akaukamata mkono wangu kwenye vifundo vya vidole, akaubana kwa pamoja kutoka pembeni kama mtu anayekusalimia kwa nguvu. Nusura niruke kitini. Akabana na wa kushoto. Akabana na miguu, hapo chini ya vidole, nikauma meno. Kwa ugonjwa ninaouwaza, mara nyingi viungo vinauma pande zote mbili kwa pamoja, akasema, na mikono na miguu ni habari moja.

Nikamweleza ya zahanati. Hakumcheka yule kijana. Alitibu alichoambiwa, alisema, na akanitazama juu ya miwani mpaka nikaangalia sakafu.

Anashuku baridi yabisi. Ile ambayo kinga ya mwili inakosea adui, inavipiga viungo vya mwenye mwili mwenyewe. Hajasema ndiyo kwa hakika. Damu ipimwe, picha zipigwe upya, mikono na miguu. Nisivifungie vidole, niviendeshe taratibu. Ikiwa ndiyo, kuna dawa za kuituliza, na mapema ni bora kuliko baadaye.

"Umekaa nayo muda gani?" akauliza.

Nikamkalimania Kidevu swali hilo neno kwa neno. Kisha nikajibu kwa mdomo na kwa mikono pamoja, ili wote wawili wanione: tangu mwaka jana, kabla ya likizo.

Kidevu alinifunga kamba za viatu.

Ijumaa, 11 Aprili

Damu wamechukua. Majibu yatachukua siku.

Leo asubuhi Kidevu hakukimbilia karakana. Baada ya chai akawasha na kuzima taa ingawa nilikuwa mbele yake, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba ambamo tayari yumo. Akauliza: kwa nini?

Ilinichukua muda mrefu kumjibu, kwa vidole hivi. Nikamwambia kuhusu mama yake. Njoo, kula, basi. Nikamwambia naogopa siku moja na mimi nitakuonyesha sahani. Nikamwambia niliona afadhali udhani nina hasira, hasira inaisha.

Alikaa. Alikuna kovu lake. Kisha akasema hivi, na nimeliandika ili lisinipotee: Mama yangu hakuwa na mikono mibovu. Mikono yake ilikuwa mizima kabisa.

Akaenda karakana.

Jumatatu, 14 Aprili

Sinyati tena. Maji ya beseni anayachemsha yeye. Analeta mezani na taulo begani, kama mhudumu wa hoteli, anainama. Nakaa nimeloweka mikono, yeye anakunywa chai na kunisimulia ya jana: mteja wa kochi la harusi karudi, sasa anataka lenye miguu ya dhahabu. Najibu kwa nyusi. Watoto wa shule wanapita. Wa kuchelewa wanapita mbio. Hapo anaweka kikombe chini na kusema haya, sasa zamu yako.

Bado nimechoka. Miguu moto. Lakini nimechoka nikiwa na mtu.

Mrefu kaandika: yule binti ni mwepesi ila hacheki. Lini unarudi? Sijui.

Jumanne, 22 Aprili

Daktari amepiga simu asubuhi, maji hata hayajachemka. Nimeshikilia simu kwa viganja viwili.

Ndiyo yenyewe. Damu inasema, na picha za safari hii zinasema. Kuna mahali mfupa umeanza kulika, kifundo cha kidole cha shahada, kulia. Niende kesho nianze dawa. Dawa hazina haraka, wiki, pengine miezi, kabla hazijashika. Nikamuuliza kama nitarudi kazini. Akasema wengi wanarudi. Nikamuuliza kuhusu hicho kidole. Akanyamaza kwanza, na nimekaa na madaktari wa kutosha, nikiwa sauti ya watu wengine, kujua kimya cha aina hiyo. Akasema hawezi kuniahidi kidole kile. Dawa zinazuia kisiendelee. Kilichokwisha kuharibika hakirudi.

Nikamshukuru. Nikakata.

Kidevu alikuwa mezani, amenipa mgongo, anapaka siagi kwenye mkate. Hakujua simu imelia. Ningeweza kuwasha taa. Ningeweza kusubiri vidole vilegee, nimwambie kwa mpangilio, kwa ishara nzuri. Ningeweza kusubiri mpaka jioni. Nimeyafikiria yote hayo nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko, mkabala na kioo.

Nikainua mkono. Kidole hakikukunjika. Nikakigonga kidevuni hivyo hivyo, kimenyooka, mara mbili. Kwenye kioo nikamwona anainua uso.

Amegeuka na kiti chake.

Akaniomba nisubiri, akaenda kuzima jiko. Naandika haya kalamu nikiwa nimeikamata kwa ngumi, herufi kubwa kama za darasa la kwanza, mistari inakwenda inakotaka. Amerudi. Amekaa. Amelaza mikono yake mezani, ndivyo anavyofanya akitaka kusikiliza. Nimemwonyesha dirisha, kwamba tungoje kidogo, vilegee.

Anakataa kwa kichwa. Anasema sema hivyo hivyo.

Watoto wa shule hawajaanza hata kupita.